Miezi Sita Bila Mtoto Mwekundu

Mukabera alipima mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakutaka kuamini. Alitafuta katikati ya mkono wa kushoto, baina ya bega na kiwiko, akapitisha utepe, akauvuta polepole mpaka ukagusa ngozi pande zote, halafu akasoma kwenye kidirisha. Sentimita kumi na moja na milimita moja. Nyekundu. Mara ya kwanza pia utepe ulisema hivyo hivyo.

Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomchosha Mukabera kuliko namba. Mtoto wa miezi kumi na minne akishikwa mkono na mtu asiye mama yake hupiga kelele, hurusha miguu, huunyakua utepe na kuutia mdomoni. Huyu, Akaliza, alilala tu kwenye magoti ya mama yake, Claudette, macho wazi, akitazama ukuta wa mawe meusi ambao haukuwa na kitu cha kutazama.

"Iko ngapi, Mama Ricky?" Claudette aliuliza.

"Ngoja kwanza."

Ricky, mtoto wa kwanza wa Mukabera, alishaondoka kwenda Kigali kutafuta kazi, lakini jina lake lilibaki hapa juu ya kilima cha Nengo, na kila mlango wa kijiji ulimfahamu mama yake kwa jina hilo. Mwaka wa tisa huu alikuwa mshauri wa afya. Majirani walimchagua kwa kunyoosha mikono, akapewa sanduku la mbao lenye vidonge, saa ya kuhesabia pumzi, utepe na kitabu cha kuandikia. Mshahara hakupewa, na alishaacha kuuliza. Sheria za utepe alizijua usingizini. Mtoto wa kijani mama yake hupongezwa. Wa njano hupewa unga wa uji, hurudiwa baada ya wiki mbili. Mwekundu, chini ya sentimita kumi na moja na nusu, huandikiwa karatasi na kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo.

"Anahara tangu siku ngapi?"

"Karibu wiki mbili. Inaacha, inarudia. Mi naondoka saa kumi na moja asubuhi, narudi barrière ikifungwa. Simuoni muchana." Claudette alisema bila kujitetea. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita mwenye shingo nene ya kubeba. Kila siku alivusha karoti na kabichi za watu mpakani, kwenye Petite Barrière, akazitua soko la Goma, akarudi kuchukua nyingine. Baba wa mtoto alivuka siku moja na hakurudi. Mchana Akaliza alibaki na kikongwe wa nyumba ya pili, ambaye alimpikia uji mwepesi wa muhogo kwa sababu na yeye huo ndio aliokuwa nao.

"Na maziwa yako?"

"Ananyonya kidogo, anaacha. Anachoka." Claudette akakunja kidole gumba. "Mama Ricky, kuacha kunyonya si ni ile ya kwanza?"

Mukabera akaukunja utepe. Ndiyo, ni ile ya kwanza. Kila Jumanne aliwakalisha akina mama kwenye baraza la kanisa na kuwafundisha dalili tano za kukimbilia kwa daktari, wakizihesabu kwa vidole. Hanywi wala hanyonyi. Anatapika kila kitu. Anashikwa na degedege. Amelegea, ukimwita hashtuki. Akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani. Ukiona moja tu, usingoje. Claudette, pamoja na uchovu wake wote, ndiye aliyezishika haraka kuliko wenzake, na Mukabera alikuwa akimtumia kuwasahihisha wengine.

Alitoka nje kumpigia simu mkuu wa kijiji. Tangu mwaka jana karatasi ya kituo cha afya haikutoka bila muhuri, na muhuri ulikaa kwenye mfuko wa koti la Régis.

Régis alikuja mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa baya tayari. Hakuwa mtu mbaya. Mvua zilipoporomosha udongo alichimba kwa mikono yake pamoja na watu mpaka kucha zikatoka damu. Alisimama nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, akasema kwa sauti ya chini.

"Mama Ricky, leo ni siku gani?"

"Mercredi, chef." Ilikuwa Jumatano.

"Bon. Na samedi ni umuganda. Kazi ya bote, na bageni banatoka juu, banakuya kuona ule ubao yetu. Unajua imeandikwa nini?"

Alijua. Kijiji kizima kilijua. Ubao ulisimama mbele ya ofisi, umepakwa rangi ya buluu, na maneno meupe: KIJIJI HIKI: MIEZI 6 BILA MTOTO MWEKUNDU. Maneno yalikuwa ya rangi. Namba ilikuwa ya chaki, ili iweze kupanda.

"Chef, mutoto iko mwekundu."

"Sijasema hapana. Nasema siku tatu. Samedi inapita, dimanche asubuhi ninagonga muhuri, na mi mwenyewe nitamutafutia pikipiki. Siku tatu, mama. Ulingoja ngapi mu maisha?"

"Mutoto hawezi kungoja sawa na mi."

Régis akaangalia viatu vyake. "Unamukumbuka Iribagiza?"

Alimkumbuka. Iribagiza alikuwa mshauri wa afya wa kijiji cha chini. Aliandika watoto wawili wekundu kwa mwezi mmoja, akaitwa mbele ya mkutano aeleze kwa nini kijiji chake kimerudi nyuma. Alisimama pale kama saa nzima. Watu aliowazalisha wakamwambia ni mzembe. Mwisho walinyoosha mikono, wakamchagua mwingine, na tangu mwingine huyo aingie hakuna mwekundu aliyeandikwa kule. Watoto wa kule hawakunenepa. Mukabera aliwaona njiani.

"Ni milimita ine tu," Régis alisema. "Utepe si chuma. Mutu anaweza kuvuta sana, anaweza kuvuta kidogo."

Alirudi ndani. Alimwambia Claudette kwamba anataka kuhakikisha. Alipitisha utepe mara ya tatu, na safari hii hakuuvuta mpaka mwisho; aliuacha ukining'inia kidogo juu ya ngozi, mahali ambapo kidole chembamba kingeweza kupita. Kumi na moja na milimita sita. Akaandika kitabuni: 11.6, njano. Kwenye safu ya dalili za hatari akaandika: hakuna.

"Iko njano," alisema.

"Njano?" Claudette alimtazama. Kidole gumba bado kilikuwa kimekunjwa. "Lakini hii ya kunyonya?"

"Ni tumbo inamuchokesha. Mupe hii unga, na maji mingi, kidogo kidogo. Dimanche tutamuangalia tena."

Claudette akakifungua kidole chake. Uso ukamlegea, mabega yakashuka, akacheka hata kidogo. "Yewe! Mi nilishaanza kuogopa. Asante, Mama Ricky. Mungu akupe nguvu." Alimwamini Mukabera kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe; ndivyo Mukabera alivyomfundisha. Kesho yake alfajiri akamwacha mtoto kwa kikongwe, akaenda kubeba karoti.

Alhamisi Mukabera alipita kumwona. Mtoto alikunywa vijiko vitatu, akageuza kichwa. Ijumaa mchana alipita tena, akaweka saa ya pumzi juu ya goti na kuhesabu kifua kikipanda. Hamsini na tano kwa dakika. Umri ule, arobaini ni nyingi. Alimpa kikongwe vidonge vya kifua kutoka kwenye sanduku na kumweleza jinsi ya kuviyeyusha kwenye maji. Vidonge vile vilikuwa vizuri. Vilikuwa vizuri kwa mtoto mwenye mwili wa kuvipokea, na kitabu cha mafunzo, ukurasa ambao alishaukunja pembe kwa kuusoma, kilisema mtoto mwekundu mwenye pumzi za haraka hatibiwi nyumbani hata siku moja.

Alimkuta Régis barabarani na wenzake, wanapaka chokaa kwenye mawe ya pembeni.

"Chef, anapumua vibaya."

"Kesho kutwa," Régis alisema bila kuinuka. Chokaa ilikuwa imemrukia kwenye nyusi. "Tumefika, Mama Ricky. Usiniangushe hapa mulangoni."

Angeweza kushuka mwenyewe mpaka kituoni siku ile na mtoto mgongoni. Alilifikiria. Alifikiria pia kitabu, na mwandiko wake ndani ya kitabu, na mtu wa kwanza ambaye angeuliza kwa nini Jumatano uliandika njano. Akaenda nyumbani, akafua gauni lake la kazi ili likauke kabla ya kesho.

Jumamosi ya umuganda barabara huwa tupu. Maduka yanafungwa, pikipiki zinalala mpaka saa tano, na anayeonekana anatembea bila jembe anaulizwa anakwenda wapi. Asubuhi ile kijiji kilichimba mtaro kwa bidii ya watu wanaotazamwa, na saa tatu gari jeupe la wageni likaegesha mbele ya ubao.

Mgeni mkubwa alikuwa Madamu Mukandutiye, mama mnene, mchangamfu, aliyekulia Tanzania na kusema Kiswahili kilichonyooka. Alishika jembe, alichimba kweli, alitoka jasho. Halafu akaomba aonyeshwe kazi ya mshauri wa afya. Régis alishamweka tayari mtoto wa fundi cherehani, kibonge mwenye vishimo kwenye viwiko. Mukabera akapitisha utepe. Mtoto akapiga ukelele, akaurukia kwa mikono miwili. Watu wakacheka. Kijani, ndani kabisa ya kijani, na makofi yakapigwa.

"Hongera sana," Madamu alisema. Alikuwa amekishika kitabu, anakifungua ukurasa kwa ukurasa, anapitisha kidole kwenye safu. "Mwandiko safi. Sasa niambie, mama. Mzazi wa hapa anajuaje kwamba sasa ni wakati wa kumpeleka mtoto kwa daktari?"

"Tunabafundisha dalili tano, madamu."

"Tuzisikie."

Mukabera akainua mkono na kukunja kidole gumba. Akina mama wakaanza, wote kwa pamoja, kama walivyozoea kwenye baraza la kanisa. Hanywi wala hanyonyi. Anatapika kila kitu. Degedege. Walipofika kwenye kidole cha nne, amelegea, ukimwita hashtuki, Mukabera alimwona Claudette anapanda njia kutoka nyumba za chini, mtoto mgongoni. Miguu ya mtoto ilikuwa imetoka chini ya kitenge, na kwa kila hatua ya mama iliyumba, huku na huku, bila kujizuia.

Akamaliza kidole cha tano. Ndipo akaenda.

"Hanywi tangu usiku," Claudette alisema. Alikuwa anahema. "Namuita, hanitazami. Iko mbili, Mama Ricky. Kidole ya kwanza na ya ine. Iko mbili."

Mukabera aliinua pindo la kitenge. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani. Tatu, basi. Akaangalia gari jeupe. Lilikuwa hatua ishirini kutoka pale walipo, dereva amelala kwenye kiti, mlango wazi kwa ajili ya hewa. Kwa gari lile kituo cha afya kilikuwa dakika kumi. Kwa miguu ilikuwa saa nzima ya kupanda na kushuka.

"Usizubutu," Régis alisema sikioni mwake. Hakumsikia alipofika. "Muandikie karatasi. Vile kitabu inasema. Njano."

"Chef, mutoto anakufa huyu."

"Donc andika upesi."

Aliandika akiwa amepiga goti, karatasi juu ya sanduku. Jina: Akaliza. Kipimo: 11.6. Alipofika kwenye mstari wa dalili za hatari kalamu ikasimama. Juu ya kichwa chake alisikia Régis akipumulia muhuri ili wino ulowe.

"Kuna tatizo?" Ilikuwa sauti ya Madamu. Alikuwa amekuja na kitabu kwapani, akifuta jasho.

"Hapana, madamu," Régis alisema, na Kiswahili chake kikanyooka ghafla. "Huyu mama anampeleka mtoto kituoni. Ni njano tu, tunamfuatilia."

Madamu akamtazama Claudette, kitenge, miguu. Mukabera alifungua mdomo. Sekunde ile ilikuwa ndefu, ilimtosha kusema neno moja, na neno lenyewe lilikuwa rangi tu. Aliona mkutano. Alimwona Iribagiza amesimama, mikono nyuma. Akaufumba mdomo.

"Hata wa njano mnawafuatilia," Madamu alisema, na kweli alifurahi. "Hivi ndivyo inavyotakiwa. Nenda, mama, usichelewe."

Régis akagonga muhuri kwenye karatasi, pale pale juu ya sanduku. Mstari wa dalili ulibaki mtupu. Claudette akaichukua karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea zawadi, akaikunja, akaiweka kifuani, akashika njia. Kwenye kona vijana wa ulinzi walimsimamisha kwa sababu hakuwa na jembe. Akawaonyesha muhuri, wakampisha.

Mkutano uliendelea mpaka karibu saa tano. Hotuba zilikuwa mbili, ya pili ndefu. Mukabera alikaa mstari wa mbele na gauni lake safi na hakusikia kitu. Mwishoni Madamu alisimama na kukiinua kitabu juu ili wote wakione. Alisema amezunguka vijiji vingi na hajaona kazi kama hii, na kwamba anakichukua kwa wiki moja akawaonyeshe washauri wa kwingine jinsi kitabu kinavyoandikwa. Makofi. Watu waligeuka kumtazama Mukabera, na jirani yake akamgusa goti kwa furaha.

Gari liliondoka. Régis akachukua kitambaa, akaenda kwenye ubao.

Simu ilitetemeka kwenye mfuko wa gauni.

"Mama Ricky." Sauti ya Claudette ilikuwa imebaki kidogo. "Nimefika zamani. Leo infirmière iko moja tu, bengine bako mu umuganda. Ameangalia karatasi. Anasema bekundu banaingia mbele, njano bakae kwenye banc. Niko mutu wa kumi na tisa. Ongea naye. Ni we uliandika. Tafadhali, ongea naye, ninamupa simu."

Kukawa na mikwaruzo, watoto wanalia, benchi linaburutwa. Halafu sauti ya nesi, mwanamke aliyechoka kama yeye.

"Ni mushauri wa kijiji gani? Sema mbio, niko peke yangu."

"Huyo mutoto iko mwekundu," Mukabera alisema.

"Hapa nasoma njano. Na muhuri."

"Mi ndiye niliandika. Nilidanganya." Maneno yalitoka kwa urahisi, na hiyo ilikuwa aibu yake kubwa kuliko zote, kwamba yalikuwa mepesi kiasi hiki. Pembeni jirani yake aliacha kutabasamu. Kitambaa cha Régis kikasimama kwenye ubao. "Ni kumi na moja na milimita moja. Nililegeza utepe. Muone sasa hivi, mama, nakuomba. Mbavu zinaingia."

Upande wa pili karatasi iligeuzwa. Mtu aliita nesi, mara mbili.

"Kila mama hapa ananiambia wake iko mwekundu," nesi alisema, bila hasira. "Na bashauri banapiga simu kwa ajili ya bandugu zao. Nikifuata simu, nitaacha wenye karatasi. Kitabu inasema nini? Lete kitabu nione."

Mukabera akatazama chini ya kilima. Gari jeupe lilikuwa limefika kwenye lami ya ziwani, dogo, linakwenda taratibu.

"Kitabu haiko hapa."

"Basi zamu yake ikifika nitamupima upya. Chukua simu yako, mama."

Mikwaruzo tena. Mukabera alidhani imekatika. Kisha akasikia pumzi, ya mtu mzima, karibu sana na simu, na akaelewa kwamba sauti ya simu ile ilikuwa imefunguliwa kwa wote, na kwamba Claudette alikuwa amesimama pale muda wote.

"Tangu mercredi?" Claudette aliuliza.

Saa tano ilifika. Pikipiki zikaanza kushuka barabarani, moja, mbili, halafu nyingi, zote hazina abiria, zikipita kati ya mawe yaliyopakwa chokaa. Régis alikuwa ameshaifuta sita. Alisimama mbele ya ubao na chaki mkononi, akimtazama Mukabera, akingoja amalize kuongea, ndipo aandike saba.

"Mama Ricky," simu ilisema. "Nakuuliza. Tangu mercredi?"